Juu ya Neno "Haiwezekani"

Katika maneno yote ayatumiayo mwalimu wa hesabu, hapana lililo jepesi kutamka na zito kubeba kama neno "haiwezekani". Mwanafunzi hupewa mtajo wa aljebra akaambiwa autafutie vigawo, yaani aone mitajo miwili midogo ambayo ikizidishwa pamoja huurudisha ule wa kwanza. Hujaribu jozi hii ya namba na jozi ile, hufuta, hujaribu tena, mwisho hupeleka daftari mezani. Mwalimu hulitazama, hutikisa kichwa, huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haiwezekani. Hauna vigawo." Daftari hurudi kwa mwenyewe, na hesabu inayofuata yangoja.

Mwaka mmoja au miwili hupita. Mwanafunzi yule yule, sasa yu darasa la juu, hukutana tena na mtajo ule ule, na mwalimu wa pili humwonyesha vigawo vyake kwa mistari mitatu ya chaki. Kama wa pili asema kweli, wa kwanza alisema nini? Alidanganya, alikosea, au aliacha neno fulani lisitamkwe? Swali hili lina sura ya hesabu lakini asili yake ni ya adili, maana lahusu deni alilo nalo kila amwambiaye mwenzake "hapana". Mwombaji wa kazi, mgonjwa kitandani na mdai barazani huambiwa neno hilo kila siku, na aghalabu hawana njia ya kulichungua. Hesabu ina fadhila moja juu ya mambo hayo: "hapana" yake yaweza kufunguliwa ikatazamwa ndani.

Yafaa kuanza na jambo la kushikika. Na awepo mkulima mwenye kamba ya hatua 20, atakaye kuzungusha kitalu cha mboga chenye umbo la mstatili. Kwa kuwa kamba nzima ni hatua 20, urefu na upana wa kitalu vikijumlishwa ni hatua 10. Akitaka eneo la hatua za mraba 21, sharti aone namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake ni 21. Namba hizo ni 3 na 7. Aljebra husema jambo hilo hilo kwa lugha yake: mtajo x² - 10x + 21 una vigawo (x - 3) na (x - 7). Akitaka eneo la 24, pande ni 4 na 6. Akitaka 25, ni 5 na 5, na kitalu ni mraba kamili.

Sasa na atake 23. Namba hii ni tasa. Jozi yake ya namba nzima ni 1 na 23 tu, na jumla ya hizo ni 24, wala si 10. Hata zote mbili zikifanywa hasi, jumla yapotoka zaidi. Basi x² - 10x + 23 hauna vigawo vya namba nzima, na hapa ndipo mwalimu wa kwanza alipoweka kalamu chini.

Walakini mkulima hakuitupa kamba yake. Ameona kwamba kitalu cha 3 kwa 7 kina eneo la 21 na kitalu cha 4 kwa 6 kina eneo la 24. Akiuvuta upande mfupi polepole kutoka hatua 3 kwenda hatua 4, eneo nalo lakua polepole kutoka 21 hata 24, wala haliwezi kuiruka 23 kama mbuzi arukavyo mfereji. Mahali fulani kati ya 3 na 4 pana kitalu anachokitaka. Mguu wake utapakanyaga mahali hapo hata kama kinywa chake hakina namba ya kupaita. Upande mmoja ni 5 kutoa kipeuo cha pili cha 2, karibu na hatua 3.586, wa pili ni 5 kujumlisha kipeuo hicho, karibu na hatua 6.414. Kitalu kipo juu ya ardhi na mchicha waweza kuota ndani yake. Kisichokuwapo ni namba nzima ya kuzipima pande zake, wala hapana sehemu, hata iwe ndogo kiasi gani, itakayozipima sawasawa.

Kisha mkulima, kwa tamaa au kwa haja, na atake 40. Tazama yatokeayo. Pande mbili zenye jumla ya 10 zaweza kuandikwa daima kuwa 5 kuzidi kidogo na 5 kupungua kidogo kile kile. Zao lake ni 25 kutoa mraba wa hicho kidogo. Mraba wa kitu chochote kipimikacho kwa hatua hauwi chini ya sifuri. Kwa hiyo eneo halipiti 25 kamwe. Mkulima aweza kuvuta kamba yake mpaka jua lichwe, aweza kukodi vibarua, hatapata 40. Hapa uzembe haumo wala uhaba wa majina ya namba haumo. Kizuizi kimo katika kamba yenyewe.

Basi "haiwezekani" ya 23 na "haiwezekani" ya 40 zatoka katika kinywa kimoja, zaandikwa kwa wino mmoja, lakini si ndugu. Ya kwanza ni habari ya hazina ya namba aliyo nayo mtafutaji. Ya pili ni habari ya ardhi. Mtu azichanganyaye humfunza mwanafunzi kuogopa kile cha kwanza kama kwamba ni cha pili, au, lililo baya vile vile, kukidharau cha pili kama kwamba ni cha kwanza.

Mtaalamu aliyeitia aljebra katika kitabu chenye kuipa jina lake hakuchanganya. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Neno al-jabr lililomo katika jina la kitabu chake lina maana ya kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Na shina hilo hilo la Kiarabu ndilo lililokipa Kiswahili neno jabari. Katika kitabu hicho alizungumza juu ya mraba ambao ukijumlishwa na 21 huwa sawa na vipeuo vyake 10, swali ambalo ni lile lile la mkulima wa kitalu cha kwanza. Akaagiza: gawa 10 nusu, upate 5, zidisha 5 kwa 5, upate 25, ondoa 21, ibaki 4, kipeuo chake ni 2, kitoe katika 5 upate 3, au kijumlishe upate 7. Baada ya hayo akatia onyo. Kama zao la nusu kwa nusu ni dogo kuliko namba iliyoongezwa juu ya mraba, swali ni muhali. Kama ni sawa nayo, kipeuo ni ile nusu yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza.

Onyo hilo lastahili kutazamwa kwa utulivu. Al-Khwarizmi hakusema kwamba yeye alijaribu akashindwa, wala hakusema kwamba wakubwa wake walikataza. Alitoa mizani ambayo mtu yeyote, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, aweza kuishika mwenyewe na kupima kabla ya kujitia katika taabu. "Hapana" yake ilikuja pamoja na sababu yake, kama shahidi ajaye na hati mkononi. Ni kweli kwamba yeye pia alikuwa na mipaka: hakuzikubali namba hasi kuwa majibu, ingawa huko Bara Hindi Brahmagupta alikwisha kuandika kanuni zake tangu mwaka 628. Lakini kwa ardhi na dirhamu, vitu alivyoviandikia, mizani yake haikupunja.

Hapa yaonekana tofauti ambayo shule hupita juu yake upesi. Kutafuta usione ni jambo moja. Kujua kwamba hakuna cha kuonwa ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi aliyejaribu jozi kumi akachoka hajafika katika "haiwezekani". Amefika katika uchovu. Aliyeandika jozi zote za 23, akaona kwamba ni moja tu, na hiyo haifai, amefika. Wala si lazima kila mara kuandika jozi zote. Kwa mitajo ya namna ya x² - 10x na namba ya mwisho, chukua 100, ambayo ni mraba wa 10, utoe mara nne ya hiyo namba ya mwisho. Kwa 21 hubaki 16, ambayo ni mraba kamili, na vigawo vya namba nzima vipo. Kwa 23 hubaki 8, ambayo si mraba wa namba nzima yoyote, na vigawo hivyo havipo. Kwa 40 hubaki 60 hasi, na hata kamba haiwezi kusaidia. Wanafunzi wengi hukariri kanuni hii kama dawa ya mtihani. Wachache huambiwa kwamba ni chombo cha kuzuia uongo: huyo aliyeandika kwa wino mwekundu alikuwa nacho, na kama hakukitumia, neno lake lilikuwa kweli kwa bahati tu.

Namba za namna ya kipeuo cha 2 zina historia ya kuonewa. Wayunani waliziita kwa neno lenye maana ya kukosa uwiano, na kwa kuwa katika lugha yao uwiano na usemi vilikuwa na jina moja, logos, lilisikika pia kuwa ni kukosa kauli. Waarabu waliziita asamm, yaani viziwi. Wafasiri wa Kilatini wakalichukua neno la Waarabu wakaandika surdus, kiziwi, na hilo lingali katika vitabu vya Kiingereza hata leo. Basi namba zile zile zilikuwa bubu katika Athens na viziwi katika Baghdad. Kasoro ilitiwa juu ya kitu kilichoulizwa, haikutiwa juu ya lugha ya muulizaji, na desturi hiyo si ya hesabu peke yake.

Haki yao Wayunani wapewe, kwa maana walithibitisha. Chukulia kwamba kipeuo cha 2 ni sehemu fulani iliyokwisha kupunguzwa mpaka mwisho, namba moja juu ya nyingine. Mraba wa ile ya juu basi ni mara mbili ya mraba wa ile ya chini. Kwa hiyo ya juu ni shufwa. Kama ni shufwa, mraba wake wagawanyika kwa 4, na hapo mraba wa ya chini ni shufwa, na ya chini nayo ni shufwa. Zote mbili zingeweza tena kupunguzwa kwa 2, na ilisemwa kwamba zimekwisha kupunguzwa. Dai limejikata lenyewe. Iko hadithi ya kale kwamba mfuasi mmoja wa Pythagoras aliyeitangaza siri ya namba hizo alizama baharini. Ni hadithi tu na ushahidi wake ni haba. Lakini watu hawatungi hadithi ya kuzama kwa ajili ya jambo lisilowatisha.

Katika maandiko yao liko tukio moja linalofaa zaidi kuliko uthibitisho huo kwa swali la mwalimu na mwanafunzi. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Meno, asimulia jinsi Socrates alivyomwita kijana mtumwa wa nyumba ya Meno, asiyepata kufundishwa elimu ya maumbo, akamchorea mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake ni futi za mraba 4. Akamwuliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, upande wake ni futi ngapi? Kijana akajibu bila kusita kwamba ni 4. Akaonyeshwa kuwa 4 kwa 4 ni 16. Akafikiri, akaona kwamba upande sharti uzidi 2 na upungue 4. Akasema ni 3. Akaonyeshwa kuwa 3 kwa 3 ni 9. Socrates akamtaka ajaribu kusema sawasawa; na kama hapendi kuhesabu, basi aonyeshe tu mstari wenyewe ni upi. Kijana akaapa kwamba hajui.

Ruhusa hiyo ya kuonyesha badala ya kuhesabu husomwa kwa haraka na wengi, ilhali jambo zima limening'inia hapo. Namba ambayo mraba wake ni 8 haimo katika namba nzima wala katika sehemu. Plato alilijua hilo vizuri. Socrates angeweza kumwambia kijana, baada ya lile jibu la 3, kwamba haiwezekani, na kwa upande wa namba angekuwa amesema kweli. Angeweza pia kumsifu kwamba 3 inatosha, kwa kuwa 9 iko karibu na 8, na kumpeleka nyumbani akiwa na furaha na kosa. Hakufanya hili wala lile. Aliufungua mlango wa pili waziwazi, akachora ulalo wa mraba ule mdogo, na kijana akaona kwa macho yake kwamba mraba ujengwao juu ya ulalo una eneo la futi 8. Mstari ulionyeshwa kwa kidole, namba haikutajwa.

Kabla ya kuchora, Socrates alimgeukia Meno akamwuliza kama kijana hakuwa sasa katika hali bora kuliko mwanzo, maana mwanzo alidhani ajua na sasa ajua kwamba hajui. Ni neno zuri, na limesifiwa na wengi. Walakini msomaji wa leo haachi kuona kwamba mazungumzo hayo ni juu ya wema wa binadamu, kama wafundishika au haufundishiki, na katika baraza lile hapana aliyetua kidogo juu ya jambo la kwamba mfundishwaji ni mali ya mwenye nyumba. Hata jina lake halikuandikwa. Pengine haja ya mtu kuambiwa "hapana" kwa heshima huonekana zaidi kwa yule asiyeweza kuipinga.

Ikiwa 23 iliokolewa na ulalo, 40 iliokolewa na nini? Mwaka 1545 Girolamo Cardano wa Italia alitoa kitabu chake Ars Magna, na ndani yake aliuliza swali ambalo kwa mizani ya al-Khwarizmi ni muhali: kuigawa 10 katika mafungu mawili ambayo zao lake ni 40. Akafuata njia ile ile ya zamani kama kwamba hapana onyo. Nusu ni 5. Mraba wake ni 25. Ondoa 40, ibaki 15 hasi. Akaandika mafungu mawili: 5 kujumlisha kipeuo cha 15 hasi, na 5 kutoa kipeuo hicho. Yakijumlishwa ni 10. Yakizidishwa ni 25 kutoa 15 hasi, yaani 40. Basi x² - 10x + 40 ulikuwa umevunjika. Cardano mwenyewe hakufurahi. Alikiri kwamba kazi hiyo iliutesa moyo, na kwamba ujanja wake ulikuwa mkubwa na faida yake hakuna.

Faida ilionekana mwaka 1572, katika kitabu cha Rafael Bombelli. Alishika swali la kipeo cha tatu: namba ambayo mchemraba wake ni sawa na mara 15 yake kuongeza 4. Jibu mtu aliona kwa macho: ni 4, maana 64 ni 60 na 4. Lakini kanuni ya Cardano ya kulitafuta jibu hilo ilimpitisha msafiri katika kipeuo cha 121 hasi, mahali ambapo kwa mizani ya zamani hapana njia. Bombelli alizichukua namba hizo kwa uvumilivu, akaziwekea kanuni za kujumlisha na kuzidisha, akaona kwamba 2 na kipeuo cha 1 hasi, ikizidishwa yenyewe mara tatu, hutoa 2 na 11 za kipeuo cha 1 hasi, yaani ile ile 2 na kipeuo cha 121 hasi. Nusu mbili za jibu zilipokutana, sehemu ngeni zilifutana, ikabaki 4 tupu. Msafiri aliingia katika nchi isiyokuwapo akatokea sokoni na samaki wa kweli mkononi. Hata hivyo mwaka 1637 René Descartes aliziita namba hizo za kuwaziwa tu, na jina hilo halijawatoka watu vinywani.

Msomaji mkali atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: mwulizaji alitaka vigawo katika namba alizozijua, huyu ameongeza namba mpya kisha ajisifu kwamba amejibu. Je, huo si ulaghai? Mtu aliyeshindwa kufunga goli akapanua milango, atahesabiwa mshindi?

Jawabu ni kwamba yategemea kama milango ilipanuliwa gizani au mchana. Cardano na Bombelli hawakusema kwamba al-Khwarizmi alikosea. Walisema kwamba wanaingiza kitu ambacho yeye hakukikubali, wakakilazimisha kitu hicho kitii sheria zote za zamani za kujumlisha na kuzidisha, kisha wakaonyesha matokeo. Mlaghai hubadili swali akaficha kwamba amelibadili. Tena upanuzi huo una gharama, na mtu mkweli huitaja.

Gharama yenyewe ilijulikana kwa aibu mjini Paris mwaka 1847. Katika namba nzima za kawaida kila namba huvunjika kuwa namba tasa kwa njia moja tu: 6 ni 2 kwa 3, na hapana mvunjo mwingine. Watu wameizoea sheria hii mpaka huidhani kuwa ni tabia ya namba zote. Lakini ingiza kipeuo cha 5 hasi katika ukoo wa namba nzima, na tazama: 6 ni 2 kwa 3, na 6 ni pia 1 kujumlisha kipeuo hicho kwa 1 kutoa kipeuo hicho. Mivunjo miwili, na hapana hata kigawo kimoja kati ya hivyo vinne kinachovunjika tena ili kuipatanisha. Mwaka huo Gabriel Lamé alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi akatangaza kwamba amelithibitisha dai maarufu la Fermat kwa kuvunja mitajo katika namba mpya za namna hiyo. Joseph Liouville akauliza swali moja tu: je, mvunjo huo ni wa njia moja? Swali lilitosha kuubomoa uthibitisho, na habari ikaja kutoka kwa Ernst Kummer, Mjerumani, kwamba yeye alikwisha kuonyesha tangu mwaka 1844 kuwa sheria hiyo haidumu daima huko. Kummer alibuni namba nyingine alizoziita za kimawazo ili kuirudisha sheria iliyopotea, na huko ndiko kulikoota elimu kubwa ya siku za baadaye.

Kwa hiyo mwalimu wa kwanza, wa wino mwekundu, naye ana heshima yake. Anayekataa kutoka nje ya namba nzima si lazima awe mjinga wa ulimwengu mpana. Yamkini analinda nyumba ambamo 6 ina mvunjo mmoja. Na neno lake, likitimizwa, ni kweli isiyochakaa: x² - 10x + 23 hauna vigawo vya namba nzima, haukuwa navyo kabla ya Wayunani, wala mwalimu wa pili hakuupa. Gauss mwenyewe, alipokusudia mwaka 1799 kuthibitisha katika tasnifu yake ya udaktari kwamba kila mtajo wa namba halisi, uwe wa kipeo chochote, huvunjika kuwa vigawo vya kipeo cha kwanza au cha pili, hakulificha hilo la "au cha pili". Mitajo kama x² - 10x + 40 ni kokoto zinazobaki baada ya jiwe kupondwa kwa namba halisi, na nyundo ya namba hizo haizipasui.

Kosa la mwalimu basi li katika maneno matatu aliyoyaacha: "vya namba nzima". Maneno matatu hayana gharama ya wino. Walakini kuachwa kwake kulibadili maana ya hukumu, kwa sababu mwanafunzi hakusikia habari ya namba. Alisikia habari yake mwenyewe. Huenda alikuwa amekwisha kuhisi, kama mkulima avutaye kamba, kwamba kati ya 3 na 4 pana kitu. Hisia hiyo ilikuwa sahihi. Wino ulimwambia kwamba pale pahali patupu, naye, akiwa mtoto mtiifu, aliacha kupatazama. Darasa la juu lilipomwonyesha kwamba hapakuwa patupu, hakujifunza kipeuo tu; alijifunza pia kutoliamini neno la mwalimu, na hilo la pili pengine ndilo lililodumu. Siku atakapoambiwa kwamba kitu fulani hakiwezekani, na kwa kweli hakiwezekani, atacheka.

Uko uongo wa upande wa pili, ambao siku hizi una wapenzi wengi zaidi. Huyu humwambia kijana kwamba hapana lisilowezekana, kwamba mpaka ni woga tu, na huutolea ushahidi mfano wa Cardano. Lakini Cardano hakumpa mtu kitalu. Mafungu yake mawili yana jumla ya 10 na zao la 40, na hapana hatua ya mguu wala kipande cha kamba kiwezacho kuyapima. Anayempelekea mkulima majibu hayo kama ahadi ya shamba amemtenda vibaya kuliko yule aliyemnyima, kwa maana aliyenyimwa alibaki na kamba yake na muda wake.

Na mkulima angali pale, kamba ya hatua 20 mkononi, akitaka eneo la 40. Cha kumwambia kipo. Kamba hii haitoshi, na sababu ni kwamba hatua 20 hazizungushi mstatili wa zaidi ya 25 hata zikipangwa kwa werevu gani. Kuzungusha 40 kwahitaji kamba ipitayo kidogo hatua 25, ikiwa kitalu kitafanywa mraba kamili na pande zake zitavumiliwa kuwa za kipeuo kiziwi. Asipopenda kipeuo kiziwi, na aongeze hatua 6 juu ya zile 20. Jumla ya pande mbili itakuwa 13, na mtajo wake ni x² - 13x + 40. Upande mmoja hatua 5, upande mwingine hatua 8, na vigingi vinne.